Mshono Uliotazama Juu

Katika karakana ya mahema palikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa ukutani wala daftarini, na pengine kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyethubutu kuivunja: hema halitoki mlangoni kwenda kwa mnunuzi mpaka aliyelishona awe amelala ndani yake. Mshono ukiwa na kasoro, wa kwanza kulowa ni mshonaji. Siku za kazi mahema yalilaliwa uani, usiku mmoja mmoja; na ndiyo maana pia kila mwaka, joto lilipopamba na shule zikafungwa, washonaji wote walifunga karakana kwa siku nne, wakapakia kazi zao mpya katika lori pamoja na masufuria na mikeka, wakaenda kupiga kambi kando ya ziwa. Mvua ya ghafla ya kiangazi iliponyesha walishukuru. Isiponyesha walipanda ngazi wakamwaga ndoo za maji juu ya paa za wenzao, kwa furaha ambayo hawakujisumbua kuificha. Majirani waliita safari hiyo likizo. Wenyewe waliita mtihani.

Mkongwe wa mtihani huo alikuwa mama wa miaka sitini na miwili aliyejulikana kwa jina la Bi Nta. Jina lilitokana na kipande cha nta alichokitia mfukoni siku ya kwanza ya kazi, miaka arobaini na mmoja iliyopita, na ambacho kila kilipokwisha kilirithiwa na kingine. Hakuna uzi uliopita mikononi mwake bila kuburutwa kwanza juu ya nta, ili usinywe maji. Nguo zake zote zilikuwa na mfuko upande wa kulia, na mifuko yote ilinukia namna moja. Kolani mwake hazikukosekana sindano tatu zenye nyuzi tayari, awe anakwenda kazini, harusini au msibani.

Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la tatu, ambapo jua la asubuhi huingia kutoka kushoto na kivuli cha mkono hakiangukii kazi. Mbele ya cherehani hiyo sakafu ya saruji ilikuwa na kibonde, kipana kama kisahani cha chai, kilichochimbwa na kisigino chake mwaka baada ya mwaka. Turubai zito ambalo wanaume wenye vifua walilisukuma kwa kuhema, yeye alilisukuma kwa kiganja kimoja huku akisimulia habari za mtaani. Na kila alipomaliza hema, alifunua upindo wa pembe ya kushoto akatia vipitio vitatu vya uzi wa manjano, mahali ambapo mnunuzi hakuwa na sababu ya kupatazama maisha yake yote.

"Ya nini kutia sahihi pasipoonekana?" Bwana Futi, mkuu wa karakana, aliwahi kumwuliza. Aliitwa hivyo kwa ajili ya futi kamba iliyoning'inia shingoni mwake kutwa kucha.

"Anayepaswa kuiona anaiona," alijibu Bi Nta, na mguu wake haukuacha kukanyaga.

Mume wake alitangulia mbele ya haki mapema, akamwachia binti wa miaka minne. Mtoto huyo alikulia chini ya meza ya kukatia, akilala juu ya masalio ya turubai na kuamka na alama za kitambaa shavuni. Kila darasa alilopanda lilikuwa na mishono ya mama yake ndani yake. Sasa alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke wa maneno machache na viatu visivyotoa sauti, aliyeogopwa kazini kwa sababu ya daftari lake jeusi ambamo kila muuguzi alitakiwa kuandika kosa lake. Alimpenda mama yake kwa namna ya wauguzi, yaani kwa kumpima. Alipokuja kumtembelea, shikamoo yake ilitoka huku mkono wa mama ukiwa tayari umefungwa kifaa cha presha.

Mwaka huo alikuwa na sababu. Katika masika yaliyopita, wiki ambayo maagizo yalifurika mpaka mahema yakarundikwa mlangoni, Bi Nta aliinuka kwenda kuchukua kibiringo cha uzi, sakafu ikamzunguka, akaanguka kati ya safu mbili za cherehani. Alipofumbua macho alimwona Bwana Futi akimpepea kwa kifuniko cha katoni, machozi yakimtoka. Hospitali ilimweka siku tisa. Moyo umechoka kidogo, wakasema. Dawa hizi, chumvi kidogo, na mazoezi mepesi ya viungo.

"Umesikia, Mama," binti yake alisema siku ya kumrudisha nyumbani. "Daktari anataka upumzike."

"Amesema nikimbie."

"Amesema utembee! Kukimbia umeongeza mwenyewe."

"Nimetia chumvi kidogo."

"Na chumvi ndiyo uliyokatazwa."

Akakimbia hata hivyo. Alianza nyuma ya shule, katika kiwanja cha mpira, alfajiri baada ya sala, wakati ambapo alidhani hakuna mtu. Siku ya kwanza alifika golini akaishika nguzo ya goli kama mtu anayeshikilia mlango wa basi, akakaa chini mpaka jua likachomoza. Baada ya wiki tatu alimaliza mzunguko mmoja. Raba zake zilipopasuka alizichana, akatupa kitambaa, akashonea soli zake sehemu mpya za juu za turubai la kijani, bila kamba wala matundu, nazo zikawa ngumu kama mitumbwi na za kudumu kama dhamiri yake. Watu wa mtaa walimzoea. "Bibi, unamkimbiza nani asubuhi yote hii?" walimtania wauza maziwa. "Simkimbizi mtu, namkimbia daktari!" aliwajibu, na baada ya miezi minane aliweza kuwajibu pasipo kukatika pumzi, akiwa katika mzunguko wa kumi na mbili.

Lakini binti alikuwa amekwisha kuandaa chumba. Kilikuwa chumba kizuri, chenye kitanda cha mninga, dirisha la bustani na kengele ya kubonyeza karibu na mto. Alimtaka mama yake ahamie humo mwisho wa mwezi na kuiaga cherehani kabisa. Walibishana wiki mbili, kwa adabu, jambo linalochosha kuliko kugombana. Mwisho binti akaweka sharti. Kule ziwani ipo njia inayozunguka maji yote, kutoka kambini hadi nyumba ya pampu na kurudi kwa ufukwe wa pili, mwendo wa saa nzima kwa mkimbiaji wa kawaida. Mama aizunguke.

"Bila kutembea, bila kusimama. Moyo mzima hausimami njiani. Ukisimama, hata kufunga kamba ya kiatu, mwisho wa mwezi unakuja kwangu."

"Viatu vyangu havina kamba. Na nisiposimama?"

"Sitalitaja tena neno hili mpaka ulitaje wewe."

Wakapeana mikono juu ya meza, kama wazee wawili wanaogawana mpaka wa shamba. Binti akaomba likizo ya siku nne, akaja kambini na mwavuli, saa ya mkononi na mkoba wa dawa.

Siku ya pili ya kambi, asubuhi, hewa ilikuwa nzito na umande umelala juu ya kila kitu. Mahema kumi na moja yalisimama katika mstari mmoja mbele ya ziwa. Bi Nta alitoka katika lake akiwa na gauni la mikono mirefu juu ya suruali ya mazoezi, kitambaa kichwani, sindano kolani. Alimshukuru Mola kwa magoti mawili, la kulia na la kushoto, akilitaja kila moja peke yake. Bwana Futi alikuwa akichochea jiko la chai. Mama Pacha, mshonaji wa cherehani ya jirani, ambaye ulimi wake ulikuwa na kasi kuliko mashine yake, alikuwa amekwisha kukalia ndoo iliyopinduliwa kama mtazamaji aliyewahi kiti cha mbele.

"Bi Nta, ukizidiwa piga mluzi tuje na machela. Tunazo mbili, tena umezishona mwenyewe!"

"Basi huko ndiko nitakapolala salama. Zingekuwa za kwako ningeanguka katikati."

"Haya, mbio tu zisikushinde!"

Binti hakucheka. Alimshika mama yake kifundo cha mkono, akahesabu mapigo huku akitazama saa, akamwachia. "Saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Polepole, Mama. Tafadhali."

Bi Nta akaondoka.

Alikuwa na namna yake ya kukimbia ambayo hakumfunulia mtu, kwa kuhofia kuchekwa. Utotoni alifundishwa kusoma mashairi kwa kuhesabu mizani kwa vidole, nane na nane, na alipoanza kukimbia aligundua kwamba miguu nayo hupenda hesabu hiyo. *Asifiwe Mola wetu*, hatua nane. *Aliyenipa miguu*, hatua nane nyingine. Pumzi ilivutwa katika kipande cha kwanza ikatolewa katika cha pili, na maadamu mizani haikuvunjika, moyo nao ulitulia mahali pake. Akapita mchanga mweupe, ambao ulimla nguvu. Akapita matete, ambayo yalimficha machoni pa kambi. Akavuka mbao tatu zilizolazwa juu ya kijito, zikalia chini ya raba zake za turubai. Kwenye nyumba ya pampu mlinzi alisimama akipiga mswaki.

"Shikamoo, Bibi! Kuna usalama?"

"Marahaba, usalama tupu!" alijibu akiwa amekwisha kupita.

Nusu ya njia ilikuwa nyuma yake na hakuwa amechoka. Hili lilimshangaza. Alijisikia kama uzi uliokwisha kupakwa nta, anapenya tu. Kushoto kwake, juu ya vilima, wingu jeusi lilikuwa limeanza kujikunja, lakini alikadiria kwamba angefika nyumbani pamoja nalo. Akaanza kuiona cherehani yake chini ya dirisha la tatu, na kile kibonde sakafuni, vikimngoja.

Hapo ndipo alipoliona hema.

Lilikuwa peke yake kwenye kijimwinuko, la kijani, limefungwa vizuri kwa mtu asiye na uzoefu. Macho ya Bi Nta yalikuwa ya uzeeni: kitu cha mbali alikiona kama mwewe, cha karibu kikamwia ukungu. Kutoka hatua hamsini aliona kwamba umande umeteleza kutoka paa lote isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya paa, kutoka nguzo hadi nguzo, ulikuwapo mstari mweusi wa maji yaliyotuama.

Kila mshonaji wa mahema anajua maana ya mstari huo. Vipande viwili vya paa hupandishwa kimoja juu ya kingine, na mdomo wa mshono hulazwa utazame chini, kama vigae, ili maji yaupite yakaanguke zake. Ukilazwa utazame juu unakuwa mfuko. Maji yanaingia, yanakaa, yanatafuta tundu la sindano, na tundu la sindano halikosekani.

*Si la kwetu*, alijiambia, akaendelea kuhesabu. *Asifiwe Mola wetu.* Karakana yetu haitoi kitu kama hiki. *Aliyenipa miguu.* Lakini njia ilipita ubavuni mwa hema lile, na alipokaribia alisikia mtoto mchanga akikohoa ndani, kikohozi cha kifua, kizito. Hakuweza kupita. Hakuweza pia kusimama. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hapana kitabu cha adabu kilichowahi kulitaja: alianza kulizunguka hema la watu mbio, akibisha hodi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Akatoka mwanamume mmoja mwembamba, shati limefungwa vifungo kombo. Alikuwa mwalimu wa shule, kama alivyoeleza baadaye, na hiyo ilikuwa kambi ya kwanza ya maisha yake.

"Karibu... shikamoo, mama," alisema, kisha ikabidi ageuke kumfuata kwa macho, kwa maana mgeni alikuwa amekwisha kuzunguka nyuma. "Mama, kuna nini? Unafukuzwa?"

"Marahaba, sifukuzwi!" ilijibu sauti kutoka upande wa pili. "Hema hili linavuja?"

"Linavuja sana! Juzi tulikesha tumekaa. Tumemhamisha mtoto kila upande, maji yanamfuata. Mke wangu anasema ndivyo mahema yalivyo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Katika mzunguko wa tatu aliinama akikimbia, akapitisha kidole chini ya upindo wa pembe ya kushoto. Hakuhitaji kuona. Vipitio vitatu. Alijua na rangi yake.

Akakumbuka yote kwa mara moja. Wiki ile ya masika, kichwa kizito, kitambaa kikicheza machoni, upande wa ndani na wa nje usitambulikane. Bwana Futi alikuja mlangoni na mnunuzi akisubiri: "Bi Nta, hili bado hujalilalia." Naye akajibu, kwa uchovu na kwa kiburi kidogo cha miaka arobaini, "Lipeleke, halina neno. Mimi nikilishona limeshonwa." Saa mbili baadaye alikuwa sakafuni. Katika mamia ya mahema ya maisha yake, ni hilo moja lililotoka bila kulaliwa.

Alizunguka mara ya nne. Angeweza kuendelea na mbio zake, akarudi baadaye kwa kutembea. Lakini wingu lilikuwa limekwisha kushuka kwenye miti ya kilima cha karibu, upepo ulikuwa umegeuka na kunukia udongo, na nusu ya njia ilikuwa bado mbele. Mvua ingefika kabla yake. Mtoto akakohoa tena, na mama yake akasikika akimbembeleza kwa sauti ya mtu ambaye hajalala siku tatu.

Mzunguko wa tano haukukamilika. Bi Nta alisimama.

Alisimama wima kabisa, miguu yote miwili, kama mtu anayetaka pasiwe na shaka baadaye. Akakaa hivyo kiasi cha pumzi moja. Kisha akachomoa sindano ya kwanza kolani.

"Mwalimu, nipe kitu cha kupanda. Kasha, ndoo, chochote. Wewe shika paa kwa ndani, ulisukume juu kwa viganja. Haraka, mwanangu."

Ni kazi ambayo karakanani hufanywa kwa nusu siku juu ya meza. Yeye aliifanya akiwa amesimama juu ya kasha la vyombo, mkono mmoja ukitangulia kupapasa, mwingine ukifuata kwa sindano, akiufunga mdomo wa mshono pingili kwa pingili na kuupaka nta mpaka nta yote ya mfukoni ikaisha. Hakuyatazama matundu, maana hata angeyatazama asingeyaona. Vidole ndivyo vilivyoona. Sindano ya pili ilivunjika. Ya tatu ilimaliza shubiri ya mwisho wakati matone ya kwanza, makubwa kama vifungo, yalipoanza kupiga turubai.

"Mama, tukupe nini?" mwalimu aliuliza, mikono bado juu.

"Mnisamehe," alisema Bi Nta. Kisha akashuka, akaanza kukimbia.

Mvua ilimkuta njiani ikamfunika. Alikimbia njia yote iliyobaki, ingawa hakukuwa tena na sababu ya kukimbia, wala mizani haikukaa sawa. Alipotokea ufukweni, karibu saa mbili, aliwaona wote wamesimama chini ya turubai la jikoni. Binti yake alikuwa amelowa mpaka magotini, maana alikuwa amekwenda hadi kwenye matete mara mbili kumtazama. Bwana Futi aliinua futi kamba juu kama bendera.

"Amefika! Mwendo wa konokono, mabibi na mabwana, lakini konokono hasimami!"

Bwana Futi hakujua neno. Alimpenda tu, na alikitaka kile kiti cha dirisha la tatu kisibaki kitupu. Wenzake wakapiga makofi. Mlango ulikuwa wazi mbele ya Bi Nta: njia ilifichwa na matete, mvua ilikuwa kisingizio kizuri cha kuchelewa, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kupokea taulo.

Binti alimshika kifundo cha mkono, akahesabu. "Mapigo mazuri," alisema, kwa sauti ambayo nusu yake ilikuwa furaha. "Mazuri kweli, Mama."

"Nilisimama," alisema Bi Nta.

Makofi yakafa.

"Ulizidiwa? Kifua?"

"Sikuzidiwa. Nilisimama kushona."

"Kushona!" Mama Pacha alidakia. "Jamani, watu husimama kunywa maji, husimama kujificha nyuma ya kichaka, huyu amesimama kushona!"

Hakuna aliyecheka, na Mama Pacha mwenyewe akashusha macho. Bi Nta akaeleza, akiwatazama wote: hema, mstari wa umande, uzi wa manjano, mtoto anayekohoa. Hakuacha hata ile kauli ya kiburi.

"Hema lile nililitoa mimi," alisema Bwana Futi. "Lawama ni yangu."

"Ulilitoa kwa neno langu. Usiniibie kosa langu, Bwana Futi, ni la kwangu." Akamgeukia binti yake. "Sharti ni sharti. Mwisho wa mwezi nitakuja. Chumba ni kizuri."

 Maji yalitiririka pembeni mwa turubai. Binti aliuliza neno jingine kabisa.

"Mtoto huyo anakohoa tangu lini?"

"Tangu juzi, kwa nilivyosikia."

Akauchukua mkoba wa dawa na mwavuli. "Badili nguo. Utanionyesha."

Walikwenda kwa miguu, wakipitia upande wa karibu, mwavuli mmoja vichwa viwili.  Bi Nta alitembea kama mtu anayesindikiza mizigo yake mwenyewe kituoni. Mara moja tu aliutazama mkono wa binti yake ulioshika mpini wa mwavuli, akaona kwamba umeegemezwa upande wake, na bega la binti linalowa.

Hemani mwalimu na mkewe waliwakaribisha kama jamaa. Muuguzi alimpokea mtoto, akaweka sikio na kifaa kifuani pake, mbele na mgongoni, akamgeuza, akampapasa. Ni mafua ya baridi tu, alisema, hayajashuka mapafuni. Dawa hii mara tatu, na awe mahali pakavu. "Tangu mama apite ni pakavu," alijibu mke wa mwalimu, akionyesha juu. "Hii ndiyo mara ya kwanza nasikia mvua bila kuihisi."

Bi Nta alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mguu huu, kwa haya. "Mwalimu, mniwie radhi, nina ombi la ajabu. Hema hili sikulilalia. Kwetu ni kanuni. Naomba nijilaze hapo katikati, mpaka mvua ikatike."

Wakamtandikia mkeka. Akalala chali chini ya mshono wake, mikono kifuani. Mvua ilipiga turubai kwa nguvu zote, mithili ya mikono mia inayokanda unga. Binti yake aliketi pembeni, kichwa juu, akifuata mshono kwa macho kutoka nguzo hadi nguzo. Dakika zikapita.

"Mama, tone."

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi? Sioni tone."

"Hapo hapo, juu ya pua yako. Linanenepa."

"Mbona mimi naona paa safi tu—"

Tone likaanguka, likampiga kwenye paji la uso. Mke wa mwalimu aliziba kinywa kwa khanga. Bi Nta alibaki ameduwaa, maji yakimshukia sikioni, kisha kicheko kikaanzia tumboni mwake kikamtikisa mwili mzima, na binti yake, ambaye hakuwa amecheka tangu masika, akainamisha uso magotini naye akacheka mpaka akakosa pumzi.

"Moja!" alisema Bi Nta, akijifuta. "Katika mshono wote ni moja! Nipeni chaki." Chaki ilitoka mfukoni mwake mwenyewe. Akainuka, akanyoosha mkono, akapapasa, akakosa mahali, na binti akamshika mkono akauongoza mpaka penyewe. Duara dogo jeupe likachorwa juu ya turubai. Bi Nta akajilaza tena mkekani, na mkono wa binti haukuondoka mkononi mwake.

"Huoni karibu, Mama."

"Vidole vinaona."

"Siku ile havikuona."

Bi Nta aliitikia kwa kichwa.

"Wodini," binti alisema taratibu, kama anayeongea na paa, "yupo muuguzi aliyempa mtoto dawa ya mwenzake. Mwaka jana. Hakuna aliyemwona. Aligundua kosa peke yake, akamwahi mtoto, akamhudumia mpaka akatulia, kisha akaja kwenye daftari langu akaandika jina lake kwa mkono wake. Wakubwa walitaka nimwondoe. Nikawaambia, huyu hamgusi. Ningeondoa wale ambao kurasa zao zimekuwa nyeupe miaka kumi." Akautazama mkono wa mama yake. "Leo bado ndiye ninayemwachia wodi nikilala."

"Lakini sharti..."

"Sharti nililiweka mimi nipate kuujua moyo wako. Nimeushika asubuhi hii, Mama, na nimeusikia." Akamwachia mkono, akarudi kuwa muuguzi. "Rudi kwenye dirisha lako la tatu. Ila kwanza utapimwa macho, na utavaa miwani."

"Miwani! Mama Pacha atanimaliza."

"Na Bwana Futi atawapa hawa hema jingine lililolaliwa, hili ulifumue lote uanze upya."

"Hilo nimekwisha kulipanga," alisema Bi Nta. "Nilikuwa nahesabu nyuzi hapa chini."

Akataka kuinuka, lakini binti yake akamwekea kiganja begani, kwa upole, akamrudisha mkekani. Bi Nta akatulia chini ya lile duara la chaki, mtoto wa watu akikoroma kando yake, akasubiri kama kanuni inavyotaka, mpaka mvua ikatike.